Duka la nondo Buguruni: mirunda safi, nondo pungufu

Mirunda yao, ile miti ya kuegemeshea wakati wa kujenga, sina neno: minyoofu, imekomaa, haina mafundo ya kuvunjikia. Kijana wa dukani naye mchangamfu, "karibu mama, kirikuu ya kukupelekea ipo."

Shida nondo. Ya milimita 12 iliyo halali ina karibu gramu 888 kwa mita, kwa hiyo mche wa mita 12 unakaribia kilo 10.7. Wa kwao tulipouweka mzanini, kilo tisa na ushee! Eti "hiyo ndiyo milimita 12 ya sokoni." Sasa nguzo zangu kule Chanika zitajuaje habari za soko?

Kutu kidogo ya juu hainisumbui, uzito ndiyo ugomvi wangu. Nimechukua mirunda tu.