Maji ya Dodoma yanakataa povu: kipi ununue kwanza, kipi uache dukani

Kama umehamia Dom kutoka Dar au Mbeya lazima umeshaliona hili, unaoga sabuni haitoi povu, ukisuuza nywele zinabaki zimekakamaa, mashati meupe ya watoto yanageuka rangi ya majivu, na jagi la umeme ulilonunua juzi tu chini limeshaota gamba jeupe kama chokaa. Maji mengi ya bomba huku yanatoka visima vya Makutupora, kaskazini mwa mji, yamekaa ardhini yakabeba kalsiamu na magnesiamu, na hayo madini ndo yanashikana na sabuni, huo ndo unaitwa ugumu wa maji. Watu tunayaita maji ya chumvi ila ugumu wa maji na chumvi ya mezani ni vitu viwili, na dukani hiyo tofauti itakuokolea hela.

Kabla hujatoa hata mia, pima. Chukua chupa mbili, moja weka maji ya mvua nyingine ya bomba, kwangulia sabuni ya mche kiasi kilekile, tikisa, utaona mwenyewe. Ukitaka namba tafuta vijikaratasi vya kupimia ugumu wa maji, ikizidi miligramu 180 kwa lita hayo ni magumu sana. Nasisitiza hili kwa sababu muuzaji mmoja alikuja kwangu na kalamu ya TDS, akaichovya kwenye glasi, namba ikapanda, akasema maji haya yatawaua wanao, nikaogopa nikanunua filta ya mkaa. Kalamu ile inakadiria jumla ya madini na chumvi zilizoyeyuka kwenye maji, haisemi ni zipi, na filta ya mkaa inatoa harufu na klorini ila ugumu unapita kama ulivyo. Jagi likaendelea kuota gamba vilevile. Na WHO yenyewe haijaweka kikomo cha kiafya cha ugumu wa maji, kwa hiyo anayekuuzia kwa kukutisha, mwambie asante.

Namba 1: simtanki na magata ya mvua. Naliweka juu kabisa na sibadilishi. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1, Dodoma tunapata kama milimita 500 mpaka 600 kwa mwaka, kwa hiyo bati la mita 60 za mraba hata ukitoa yanayopotea bado unavuna zaidi ya lita 20,000 za maji laini kabisa. Shida ni kwamba mvua zetu zinakuja msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, alafu kiangazi kirefu, so hayo maji yatunze ya kufulia nguo nyeupe, kuoshea nywele na jagi, chooni endelea na bomba. Nunua tangi kubwa kadiri unavyoweza, mvua ya kwanza iache ioshe bati, na mfuniko ufunge vizuri mbu wasiingie.

Namba 2: siki, ndimu na sabuni ya unga. Ukiwa mpangaji anzia hapa. Gamba la jagi linayeyuka kwa siki au ndimu, mimina, chemsha kidogo, acha nusu saa, suuza. Shawa ikiziba ifungie mfuko wenye siki usiku kucha. Ila sikiliza, siki usiichanganye na jiki hata kidogo, inatoa gesi ya klorini na bafu zetu hazina hewa. Kufua tumia sabuni ya unga badala ya mche, inavumilia maji magumu, au tia magadi kidogo kwenye ndoo kwanza acha yatulie ndo uweke sabuni.

Namba 3: mashine ndogo ya RO ya jikoni, ile inayosukuma maji yapite kwenye membreni, yaani chujio laini sana. Hii kweli inatoa ugumu, na chumvi pia, chai inabadilika ladha kabisa. Lakini kwa lita moja unayokunywa inamwaga lita mbili tatu au zaidi, hayo kinga kwenye ndoo upigie deki. Uliza kabla ya kulipa: membreni ya kubadilisha ipo hapahapa Dodoma au inaagizwa? Presha ya bomba langu inatosha au nahitaji pampu? Asipojibu ondoka, maana kwenye maji magumu membreni inaziba mapema.

Namba 4: softena, yaani mashine ya kulainisha maji, ya nyumba nzima. Ni nzuri kwa mwenye hita kubwa na mashine ya kufulia, ila piga hesabu. Maji yenye ugumu wa miligramu 300 kwa lita ukitumia lita 500 kwa siku, ni gramu 150 za ugumu kila siku, softena ya lita 25 za resini (vile vipunje vinavyonasa ugumu) inabeba kama kilo moja hivi, yaani kila wiki inadai kuoshwa kwa kilo kadhaa za chumvi, na ukisahau inaacha kazi. Tena inatoa kalsiamu inaweka sodiamu, kwa maji hayo ni kama miligramu 138 kwa lita, so mwenye presha awe na bomba lake la kunywa ambalo halipiti humo, na mchicha usiumwagilie.

Acha kabisa: sumaku za kufunga kwenye bomba. Ushahidi wake ni dhaifu, wanaouza hawakupi kipimo cha kabla na baada. Ukimwona anasisitiza sana, mpe zile chupa mbili na sabuni ya mche, mwambie apitishe maji kwenye sumaku yake alafu atikise mbele yako.