Cheti cha karatasi au cha kompyuta: kipi kinamlinda mgonjwa?

Wauguzi na madaktari hawaachi kubishana: dawa iandikwe kwa kalamu au kwenye kompyuta?

Kwa gharama, karatasi haina mpinzani. Umeme ukikatika, kazi inaendelea. Kompyuta inadai mtandao, mafunzo na fundi wa kuitwa usiku.

Kwenye uhakika ndipo pazito. Kompyuta inaondoa tatizo la mwandiko usiosomeka, na inatoa onyo mgonjwa mwenye mzio wa penisilini anapoandikiwa amoksilini, dawa ya jamii hiyo hiyo. Karatasi haiwezi hilo. Lakini onyo likijitokeza kila dakika, jicho hulizoea. Mwaka 2013, San Francisco, kijana wa miaka 16 alipewa vidonge 38 na nusu vya antibiotiki badala ya kimoja, kwa sababu kompyuta ilichukua dozi yake kuwa miligramu kwa kila kilo ya uzito. Onyo lilimtokea daktari, likamtokea mfamasia, wote wakalipita. Roboti ikafungasha, muuguzi akaamini. Kijana alipona, lakini kisa hiki kinaniuma: anayehesabu vidonge kwa mkono angeshtuka kabla hajafika kumi.

Kwa matunzo, faili hupotea, na orodha ya dawa kwenye kompyuta isiposasishwa inadanganya.

Kwa wodi ya watoto, ambako dozi hufuata uzito, ningechagua kompyuta yenye maonyo machache ya maana, pamoja na mtu wa pili wa kuhakiki. Zahanati ya wauguzi wawili yenye umeme wa kubahatisha ibaki na karatasi, herufi kubwa, na chati ya dozi ukutani.