GCC 14: Kompaila Iliyoacha Kudekeza

Kwa miaka mingi GCC, kompaila inayogeuza msimbo wa lugha ya C kuwa programu, iliwadekeza waandishi wa C kupita kiasi. Ukiita fanksheni bila kuingiza faili la heda linaloitambulisha, ilikisia tu kwamba inarudisha int, yaani namba kamili, ikatoa onyo, kisha ikakupa programu inayokubali kuendeshwa. Ruhusa hiyo ilifutwa katika kiwango cha C cha mwaka 1999, lakini ni toleo la 14, lililotoka Mei 2024, lililoanza kulihesabu jambo hilo kuwa kosa la kusimamisha kazi. Clang, kompaila nyingine ya C, ilikuwa imetangulia mwaka mmoja nyuma.

Nililipata toleo hili nilipohamia Debian 13, mfumo wa Linux, hapa ofisini kwangu Ngara, na mara moja likaikataa programu yangu ya zamani ya bili za maji za ploti moja ya Kasarani. Nilifurahi, kwa sababu programu hiyo ilikwisha kuniaibisha. Mita ilisomeka 12.5, nikatumia atof kugeuza maandishi hayo kuwa namba, ila nikasahau mstari wa stdlib.h, heda inayoitambulisha atof. Fanksheni hiyo hurudisha double, yaani namba yenye desimali, ambayo kwenye Linux ya biti 64 kwa prosesa za Intel na AMD huachwa katika xmm0, mojawapo ya rejista, yaani vihifadhi vidogo vilivyo ndani ya prosesa. Kompaila, ikiamini ni int, ikasoma rejista nyingine, eax, ambamo hamkuwa na chochote ila mabaki. Mpangaji wa chumba cha juu akapelekewa bili ya mamilioni ya shilingi, naye mwenye ploti akanipigia simu usiku. Onyo lilikuwapo, nakiri, lakini lilipita kwenye skrini katikati ya maonyo mengine niliyokwisha kuzoea kutoyasoma.

Ujumbe wa kosa ni mzuri: ukisahau heda ya printf, unaambiwa waziwazi uingize stdio.h.

Toleo hili nalipunguzia nyota moja kwa ajili ya hati za zamani za configure, zinazopima mfumo wako una nini kabla ya programu kujengwa. Hizo hujaribu vijiprogramu vidogo ambavyo aghalabu huanza na main isiyo na int mbele yake na kuita exit bila heda. Sasa vikikataliwa, hati haipigi kelele, bali huamua kimyakimya kwamba mfumo wako hauna uwezo fulani, nawe unashinda siku nzima ukitafuta kilikopotelea. Chaguo la -fpermissive hurudisha makosa hayo kuwa maonyo. Nimelitumia mara moja tu, kwa maktaba ya mteja ambayo sikuruhusiwa kuigusa.