Nilivyoichagua kamera ya usiku wa kupamba: miaka miwili na Lumix LX100

Kwetu Mombasa, usiku wa kupamba, ile sherehe ya wanawake watupu ya kumuonesha bi harusi, simu haziingii ukumbini. Mlangoni hukaa kina mama wawili na kikapu, ukifika unakabidhi simu, unapewa kikaratasi chenye namba, ndiyo unapita. Sababu yajulikana: mle ndani mabuibui yamevuliwa, nywele zi wazi, na hakuna anayetaka kesho ajione kwenye simu ya mume wa mtu. Kwa hivyo picha hupigwa na mmoja tu anayeaminika. Katika ukoo wetu mtu huyo ni mimi, na si kwa kuwa ni mpiga picha wa kazi. Khalati yangu alisema tu, "Mpeni huyu, hana mdomo," na ikawa hivyo.

Mara ya kwanza niliazima kamera ndogo ya shemeji. Jina lake naliacha, maana kosa lilikuwa langu la kutosoma. Kwenye duara la lenzi paliandikwa namba mbili, ya kwanza 2, ya pili karibu na 6, nami nikashika ile ya kwanza. Nikiwa karibu na bi harusi picha zilitoka safi. Alipokuwa anaingia, hina mpaka viwikoni, macho chini, nilikuwa nyuma ya ukumbi, nikavuta zumu, nikapiga kama picha arubaini. Zote ukungu. Mamake alinambia "si neno", na anayewajua kina mama wa Mji wa Kale anajua "si neno" hiyo ina uzito gani.

Namba zenyewe ndizo hadithi yote. Zinaeleza tundu la lenzi linavyofunguka: namba ikiwa ndogo tundu ni pana, mwanga unaingia kwa wingi. Ikipanda maradufu, tuseme kutoka f/2.8 hadi f/5.6, mwanga unabaki robo. Picha uliyoipiga kwa sekunde 1/60 sasa yataka 1/15, na kwa 1/15 mtu anayetembea hutoka kama jini. Lenzi ya zumu hupewa namba mbili kwa kuwa katika nyingi tundu hupungua ukivuta. Ya kwanza ni ya pembe pana, ya pili ni ya mwisho wa zumu. Muuzaji atakutajia ya kwanza. Muulize ya pili.

Kuna walioniuliza, basi si usogee tu, zumu ya nini? Kwanza, jaribu kusogea katikati ya wanawake mia tatu ngoma imekolea. Pili, lenzi pana ukiikaribisha usoni pua hutangulia. Binamu yangu nilimpiga hivyo kwa milimita 24 (milimita za lenzi zikiwa chache inaona pana, zikiwa nyingi inavuta karibu) na mpaka leo hajanisamehe. Uso wa mtu unataka milimita 70 na kitu, nawe ukiwa umesimama hatua kadhaa nyuma. Flashi nayo siitaki: dhahabu inaungua nyeupe, vipodozi vinang'aa kama mafuta, na bibi wa bi harusi anafunika macho kwa mtandio.

Kwa hiyo nilitafuta kamera ya kutia mkobani ambayo namba yake ya pili haizidi 2.8. Ukiweka sharti hilo orodha inakuwa fupi. Sony RX100 ya kwanza, ile ya 2012, ikatoka hapo hapo: ni f/1.8 hadi 4.9. Ya tatu, RX100 III ya 2014, ndiyo iliyorekebishwa, 24 hadi 70 kwa f/1.8 hadi 2.8, tena ina kitundu cha kuchungulia kinachochomoza juu. Ukiona ya sita ina zumu ya kufika 200 usikimbilie, inaanzia f/2.8 na kuishia 4.5, ni ya safari za mchana. Canon G7 X Mark II inafika 100 na bado iko f/2.8, na kwa karatasi ndiyo ningeichukua, ila haina kitundu cha kuchungulia, na tangu vijana wa TikTok waipende hiyo familia ya G7 X, bei ya mtumba imepanda kuliko akili.

Panasonic LX7 karibu inidanganye. F/1.4 hadi 2.3, hakuna iliyokuwa na namba nzuri kama hizo mezani. Lakini sensa yake, kile kibapa cha ndani kinachopokea mwanga, ni ndogo kama ukucha wa kidole kidogo. Ni sawa na kukinga mvua: bomba pana halikufai kitu ukiwa na kikombe. Hapo ndipo nilipoigeukia LX100 ya 2014, ya Panasonic hao hao. Lenzi ni 24 hadi 75, f/1.7 hadi 2.8, na sehemu ya sensa inayotumika ni kubwa karibu mara moja na nusu kuliko sensa ya inchi moja ya hizo Sony na Canon. Megapikseli ni 12.8 tu, na wapo watakaocheka. Albamu ya harusi haihitaji zaidi. (Ukiona Leica D-Lux Typ 109, ni kamera hiyo hiyo iliyovaa nguo ya gharama.)

Kuipata kulinichukua miezi mitatu. Ya kwanza niliyooneshwa, katika duka moja mjini, nilitoka nje nayo, nikaifunga lenzi hadi f/16 na kupiga mbingu tupu. Madoa sita ya kijivu. "Vumbi tu hilo dada, pangusa kioo." Vumbi la juu ya kioo halitoki hivyo, hilo limeingia mpaka kwenye sensa, na kamera yoyote yenye lenzi inayotoka na kuingia yaweza kuvuta vumbi, kulitoa mpaka ifunguliwe yote. Nikamrudishia. Ya pili niliimulika kwa tochi ndani ya lenzi nikaona nyuzi kama za buibui: kuvu. Pwani yetu hii ya unyevu, kuvu ni ugonjwa wa kwanza wa lenzi. Ya tatu ilikuwa safi, ikiwa na betri moja na chaja yake, shilingi 48,000 baada ya maneno mengi.

Kinachonifurahisha kila mara ni pete. Tundu la lenzi unalizungusha kwa mkono kwenye lenzi yenyewe, na kasi ya shata, zile sekunde 1/60 na 1/15, ina kirungu chake juu. Kabla sijafika ukumbini nimeshaweka f/2.8 na 1/100, aiso, kipimo cha kamera kuhisi mwanga, nimeiachia ijipandishe hadi 3200, na tangu hapo siigusi menyu. Picha za 3200 zina chembechembe kidogo kwenye vivuli vya nguo nyeusi, lakini usoni ni safi, na hizo ndizo nyuso ninazotakiwa kuzileta. Kile kitundu cha kuchungulia kimenisaidia kuliko nilivyodhani: skrini naizima, sionekani nikimulika giza, na bi harusi husahau kama niko.

Kwenye harusi ya pili nilitaka niwe mjanja zaidi nikawasha shata ya kielektroniki, isiyo na sauti kabisa, na kasi nikaipandisha kupita 1/100. Nyumbani nikakuta mistari ya giza imekata picha za jukwaani kama pazia la vitambaa. Taa nyingi za LED za bei nafuu hupepesa mara 100 kwa sekunde, kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50, na shata ile husoma sensa mstari kwa mstari. Nikarudi kwenye shata ya kawaida, ambayo nayo ni mnong'ono tu, na mistari ikapotea. 1/100 au 1/50, zinazolingana na mpepeso huo, ukae hapo.

Kuna nisiyoyapenda. Skrini imeganda, haiinuki wala haigeuki, kwa hivyo picha ya hina kutoka juu naipiga kwa kukisia. Kifuniko cha lenzi ni cha kuvua kwa mkono. Nimeshakipoteza mara mbili, mara moja kwenye sinia la mahamri. F/1.7 ni ya milimita 24 tu, ukianza kuvuta inapanda mapema, ingawa haivuki 2.8. Zumu ya mota ni ya polepole, mpaka ifike bi harusi ameshakaa. Na betri moja haimalizi usiku. Nilinunua mbili za ziada. Kutulizwa kwa mtikisiko kupo ndani ya lenzi, kunasaidia mkono wangu unaotetemeka, lakini hakumsimamishi anayecheza.

Haina nafasi kubwa mkobani, ila si ya mfukoni. Anayetaka ya mfukoni kweli achukue RX100 III na asijute.

Usiku ukiisha natoa kadi, naikabidhi kwa bi harusi mkononi mwake mbele ya mamake, naondoka na kamera tupu. Nyumbani inalala ndani ya kopo la biskuti pamoja na vile vifuko vya silika vinavyokuja na viatu vipya, kuzuia kuvu. Mwanangu wa mwisho bado hulifungua lile kopo kila Ijumaa, akinuna.