Msaidizi wa darasani kwa mtoto mwenye usonji, muhula mmoja baadaye

Jamani naandika hii kwa wazazi wenzangu mnaojiuliza kama inafaa. Mwanangu ana usonji, yuko shule ya kawaida, na msaidizi wa darasani tulimpata kupitia wakala mmoja hivi simtaji. Wa kwanza alikuwa mpole kweli ila kamganda mtoto kama kupe, anamfungulia begi, anamjibia maswali, hadi mapumziko wanakaa wao wawili tu, sasa wenzie watamsogelea saa ngapi? Na mwalimu naye akaona basi huyu mtoto si wake tena. Nikalalamika wee, simu hazipokelewi, wiki 3 ndo wakabadilisha. Hapo nyota nakata.

Huyu wa pili ndo mwenyewe. Anakaa pembeni kidogo, kabandika ratiba ya picha mezani dogo ajue kinachofuata, kipindi kikikaribia kuisha anamtonya mapema maana kubadilisha somo ghafla ndo kulikuwa kunaleta vilio, kelele zikizidi anampa hedifoni au wanatoka nje dakika 5 wanarudi, hamna mbwembwe. Akiona anaweza mwenyewe anajitoa taratibu. Juzi dogo kanyoosha mkono darasani bila kusukumwa, nilipoambiwa nikajifungia chooni nikalia hahaha.

Nyota 4. Ila kabla hujakubali mtu, muulize amejifunza nini kuhusu usonji na atapunguzaje msaada, akikujibu tu "nitakuwa naye muda wote" usifurahi haraka.