Uzoefu wangu: nilipeleka Starlet kupigwa rangi, ikarudi na taa za mtu mwingine

Nimejizuia siku kadhaa nisiandike nikiwa nimechemka. Lakini kila nikifungua geti usiku nikaiona ile taa ya nyuma ya kulia, hasira inarudi mbichi kabisa. Basi naandika.

Gereji sitaitaja jina. Ni moja ya zile kubwa za bodi na rangi hapa Dar, zenye sakafu ya saruji, risiti na kiti cha mteja kukaa. Si ya chini ya mwembe. Ndiyo maana nilienda pale. Nilijiambia gari kama hili halipelekwi kwa mtu wa kubahatisha.

Gari lenyewe ni Toyota Starlet Reflet, namba A, yaani herufi za namba yake zinaanza na A. Nililinunua yadi enzi za Mkapa, kwa hela ya mchezo wa kazini, baada ya mwenzangu mmoja kunipisha zamu yake ili nipokee mara mbili mfululizo. Sijamsahau mpaka leo. Watoto wangu wawili wote walitoka hospitali wakiwa wamelazwa kwenye kiti chake cha nyuma, na mkubwa sasa ana leseni yake. Kuna watu wameniambia uso kwa uso kwamba kung'ang'ania gari la namba A wakati mjini watu wako namba E ni kukosa maendeleo. Mimi naona tofauti. Starlet zilikuwa zimejaa jiji hili: za walimu, za manesi, za mabinti walioajiriwa benki. Siku hizi natoka Kigamboni mpaka Mwenge na kurudi, na kuna siku sioni hata moja. Hii ya kwangu ni ya toleo la mwisho, lililotengenezwa kuanzia 1996 mpaka 1999. Baada ya hapo ikaja Vitz, na jina lililokuwepo tangu 1973 likazimwa. Na usiniambie Starlet mpya zipo. Zipo, Toyota wamelirudisha jina huku Afrika tangu 2020, ila lile ni Suzuki Baleno lililobadilishwa nembo. Hata undugu wa mbali halina na hili langu.

Injini hainisumbui. Ni 4E, ileile iliyokuwa kwenye Corolla za 110 zenye injini ndogo, kwa hiyo taimingi belti, wota pampu na gasketi unavipata Kariakoo bila kuzunguka sana. Kinachokunyima usingizi ni vitu vya mwilini: taa, shoo, bampa, raba za milango, vishikio vya ndani. Kikivunjika kimoja, dukani unaonyeshwa cha Vitz au cha IST na kuambiwa kitaingia tu. Hakiingii. Inabidi umtafute mtu mwenye Starlet iliyokufa, na wa hivyo wanazidi kupungua, kwa sababu zikifa siku hizi zinakatwa na kupimwa kilo.

Kilichonipeleka gereji ni kutu. Naishi karibu na bahari, na wanaoishi huku wanajua upepo wa chumvi unavyokula chuma. Starlet ina ugonjwa wake: tope la masika linaingia kwenye tao la tairi la nyuma, linajibana kati ya bati la ndani na la nje, linakaa na unyevu wake humo. Nje rangi inaonekana nzima, kumbe ndani kumeshakuwa biskuti. Siku moja nafuta gari, kidole kikazama. Nililia, nasema kweli.

Sasa mafundi wengi dawa yao ni puti, ule ujiuji wa kuzibia mashimo ya bodi. Wanakwangua juujuu, wanajaza puti, wanapiga msasa, wanapaka, unaondoka na furaha. Puti ile inafyonza maji, na kabla mwaka haujaisha kutu inatokea upya ikiwa kubwa kuliko ya kwanza. Nilishafanyiwa hivyo huko nyuma. Safari hii nikasema wazi tangu mlangoni: kata palipooza, chomelea bati jipya, halafu rangi ichanganywe kwa namba iliyo kwenye kibati cha kule ukutani nyuma ya injini, siyo kwa macho. Na chochote mnachofungua, kirudi hichohicho. Nilirudia hilo la mwisho mara mbili. Meneja akaitikia, "Sawa mama, sawa," macho yako kwenye simu.

Wiki zilizoahidiwa zikapita, zikaongezeka nyingine. Nikaja kuchukua gari jioni, giza linaingia, na kwa kweli lilinifurahisha. Rangi ile ya kijani kibichi cha maji ilikuwa imerudi kama nilivyoikuta yadi. Nikalipa yote niliyodaiwa, nikashukuru, nikaenda zangu kuwahi pantoni.

Asubuhi ndiyo nikaona. Zamani, baada ya kuibiwa saiti mira kwenye foleni, nilichongesha namba ya gari kwenye vioo na taa zote, kama wengi wetu tunavyofanya. Yule kijana mchongaji alikosea saba kwenye taa ya nyuma ya kushoto, akaianza kama moja, akairekebisha, ikabaki na mguu mnene. Ninaijua saba ile kama ninavyojua kovu la mwanangu. Asubuhi ile haikuwepo. Taa ya kushoto ilikuwa ngeni, plastiki imepauka. Nikaenda ya kulia. Pale kwenye kona ya chini palikuwa na ukungu wa msasa, na nilipopitisha ukucha ukakwaruza kwenye michoro. Nikalowesha kidole, nikapaka mate, nikaegemeza kichwa jua lipige kwa ubavu. Michoro ikajitokeza: herufi B, halafu nyingine iliyofutika, na kabla ya B tarakimu moja, 4. Namba yangu haina hata kimoja kati ya hivyo.

Maana yake mnaielewa. Taa zangu zimetolewa zikauzwa, kwa sababu ni nzima na sasa ni adimu. Nikawekewa zilizong'olewa kwenye Starlet ya mtu mwingine, ambaye naye alichonga namba yake akiamini itamlinda. Mimi nilipeleka gari langu likahifadhiwe, nikarudishiwa likiwa limevaa mali ya wizi.

Nikarudi siku hiyohiyo. Meneja hakusimama kwenye kiti. Nikamweleza kwa utulivu, nikamwonyesha picha nilizopiga siku ya kuleta gari, saba yangu inaonekana. Akatazama sekunde moja.

"Mama, taa ni taa. Haziwaki?"

Nikasema zinawaka, ila si zangu.

Akacheka, akawageukia wateja wawili waliokaa pale: "Hii gari ya mwaka tisini na saba, mkweche, mtu analilia taa. Mama yangu, ungewapa watu wa vyuma chakavu ukaongeza hela kidogo, ukachukua Passo, ukapumzika."

Mkweche. Gari limetoka kupakwa rangi na vijana wake mwenyewe, na hela yangu ikiwa kwenye droo yake, analiita mkweche mbele za watu. Katika yote, hilo ndilo lililonikaa kooni kuliko hata taa. Wizi wa vipuri Dar haujaanza leo. Lakini mtu anayekula kwa kutengeneza magari, kumdharau mwenye gari kwa sababu gari lake ni la siku nyingi, sijui alijifunzia wapi kazi. Hata hesabu yake si kweli. Kuagiza Starlet nyingine Japani ni kulipa ushuru wa forodha na juu yake ule wa uchakavu kwa sababu ya umri wake, ukijumlisha unaachana na wazo. Nikiliachia hili, sirudi kupata lingine. Yeye anaona kilo za chuma.

Kwa hiyo msipeleke gari pale. Hilo ndilo nililokusudia kuandika, na ningeishia hapo kama nisingekuwa mkweli.

Lakini kazi ya rangi ni nzuri. Nimepita na sumaku kwenye matao yote mawili, inashika kila mahali, maana yake chini ni bati, si puti. Nikalala chini ya gari na tochi: amechomelea kwa mshono mmoja safi, amepaka dawa ya kutu mpaka ndani, na vile vitundu vya kutolea maji pale chini ya tao, ambavyo kila fundi huviziba, amevifungua upya. Sikumwambia afanye hivyo. Aliyefanya ni kijana mmoja mwembamba, mkimya, ambaye siku naleta gari aliinama akagusa maandishi ya Reflet kule nyuma akauliza, "Mama, hii stika tuifunike tusiipake? Hazipatikani tena." Akaifunika kweli. Ipo.

Kijana huyu alinipigia siku chache baada ya yale maneno, kwa simu ya mtu. Akaniomba tukutane Karume. Akaja na mfuko wa rambo, ndani kuna taa ya kushoto. Nikaitafuta ile saba, nikaikuta na mguu wake mnene. Alisema ameikuta kwa fundi umeme anayeuza vipuri, akaikomboa kwa hela yake. Ya kulia ilikuwa imeshaondoka. Nikamrudishia alichotoa, nikaongeza, akakataa nyongeza: "Hapana mama, imetoka kwetu."

Sasa niseme nini kuhusu gereji ile? Mikono bora niliyowahi kuona kwenye Starlet inafanya kazi pale. Ukimpata yule kijana nje ya lile geti, mpe gari lako ulale. Nilianza hata kufikiri nimesamehe. Halafu nikakumbuka kwamba pesa yote niliyolipa iliingia kwa yule wa kwenye kiti, na kwamba kijana alitoa mfukoni mwake kufuta aibu isiyo yake, na nikarudi palepale. Sitarudi. Sitamshauri mtu. Nyota moja, na hiyo ni ya kijana.

Taa ya kushoto nimeirudishia mwenyewe uani, skrubu kwa skrubu. Ile ngeni nimeifunga kwenye kanga nikaiweka kabatini. Ya kulia bado imo garini, kwa sababu siwezi kutembea usiku na upande mmoja, lakini si yangu na siihesabu kuwa yangu. Kama una Starlet ya toleo hili, ulishaibiwa taa ya nyuma ya kulia, na namba yako ina tarakimu 4 kabla ya herufi, na herufi zenyewe zinaanza na B, niandikie hapa unitajie na zilizobaki. Zikilingana na michoro, nitaifungua siku hiyohiyo nikuletee, hata kama itabidi mimi nitembee mchana tu.