Nilivyoongeza ramu kwenye HP EliteBook 840 G1 hapa Tanga: ya kwanza iliingia, ikagoma

Nina steshenari ndogo Chumbageni. Tunachapa, tunatoa kopi, na zaidi siku hizi tunawajazia watu fomu za mtandaoni. Kazi yote hiyo inabebwa na laptopu moja, HP EliteBook 840 G1, toleo lililotoka mwaka 2013, ambayo niliinunua ya mtumba. Ina prosesa ya Intel Core i5 ya kizazi cha 4, bodi ngumu, na kibodi ambayo haijanisumbua hata siku moja. Kilichonisumbua ni ramu (RAM), yaani kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta huifanyia kazi ikiwa imewashwa. Ilikuja na GB 4 tu.

Msimu wa maombi ya mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, ndio ulionifikisha mwisho wa uvumilivu. Kijana amekaa kwenye benchi na vyeti vyake, ukurasa wa maombi uko wazi, nyuma yake kuna ripoti ya mwanachuo yenye picha kibao inayosubiri kuchapwa, na mashine inaganda. Taa ya diski inawaka mfululizo. Binti mmoja kutoka Pongwe tulianza naye upya mara mbili, kwa sababu ukurasa ulijifunga muda ulipokwisha nasi tumekaribia kumaliza. Alikuwa amekuja kwa nauli, na nyumbani wanamtegemea. Iliniuma sana.

Jioni ile nilibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nikafungua Task Manager, sehemu ya utendaji. Kumbukumbu ilikuwa imejaa asilimia 93. Ramu ikijaa, Windows huanza kuweka sehemu ya kazi kwenye diski kuu (hard disk), na diski ya kuzunguka ni ya polepole mno ikilinganishwa na ramu, ndiyo maana kila kitu kinangoja. Ukurasa uleule ukanionyesha jambo la kunifariji: matundu ya ramu yako mawili, limetumika moja.

Kesho yake nikaenda duka moja mjini nikaomba ramu ya laptopu, GB 4. Muuzaji aliniuliza swali moja tu: DDR3 au DDR4? Hivyo ni vizazi vya ramu. Nikasema DDR3, maana hilo nilikuwa nalijua. Nikalipa shilingi 25,000. Nikaichomeka, ikaingia vizuri kabisa, vishikizo vikabana. Nilipowasha, feni ikazunguka, skrini ikabaki nyeusi, taa ya Caps Lock ikawa inawaka na kuzima. Nikaitoa, mashine ikawaka kama kawaida. Nikaihamishia tundu la pili, mambo yaleyale. Nilirudi dukani nikaambiwa, "Ramu ni nzima mama, mashine yako ndiyo ina shida," na fedha hairudi.

Ramu kweli ilikuwa nzima. Hilo nimelijua baadaye, na ndilo hasa lililonifanya niandike, kwa sababu naamini wengi wametupa laptopu nzuri kwa jibu kama lile.

Jirani alinielekeza kwa fundi kijana Ngamiani, kwenye mojawapo ya zile barabara za namba. Nilipofika aliniamkia, akasikiliza, kisha akasema, "Mama, tusianze na niliyonayo mimi. Tuanze na iliyomo ndani." Akatelezesha kitasa cha chini, akatoa betri na mfuniko (840 G1 haihitaji hata bisibisi kwa hilo), akabonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe, ndipo akaichomoa ramu ya zamani. Akaisogeza mwangani tukasoma lebo pamoja: PC3L-12800S.

Akanifafanulia herufi kwa herufi. PC3 maana yake ni familia ya DDR3. Hiyo L ni ya volti ndogo, 1.35, wakati DDR3 ya kawaida inatumia 1.5. Ile 12800 ni kasi, megabaiti 12,800 kwa sekunde, ndiyo ileile watu wanayoiita 1600. S ni umbo fupi la laptopu; za kompyuta ya mezani ni ndefu na huwezi kuzichanganya. Kisha tukaiweka kando yake ile niliyouziwa: PC3-12800S. Kasi moja, umbo moja, pini 204 zote mbili, pengo la katikati mahali pamoja. Tofauti ni L peke yake. Laptopu za Intel kizazi cha 4 kama hii zimetengenezwa kwa volti 1.35, na ile ya 1.5 zinaikataa.

Hapa ndipo mtego ulipo. Ramu ya DDR4 isingeingia kabisa, ina pini 260 na pengo lake liko kwingine. DDR2 nayo isingeingia. Vitu hivyo hujikataa vyenyewe mkononi mwako. Lakini DDR3 na DDR3L zinaingia tundu moja, mtu anaamini zimekubaliana. Kinyume chake hakina tatizo: yenye L hufanya kazi pia kwenye mashine ya volti 1.5, kwa hiyo kama unanunua DDR3 na hujui, chukua yenye L.

Hakuwa na ya GB 8. Akaagiza Dar, ikaja na basi siku ya pili, akaifuata mwenyewe stendi ya Kange. Bei ilikuwa 45,000, ya mtumba, na hakuchukua hata shilingi kabla mashine haijawaka mbele yangu na kusoma GB 12. Kabla ya kufunga alisugua meno ya ramu ya zamani kwa ufutio wa penseli, yalikuwa yameanza kufifia rangi. Hewa yetu ya pwani ina unyevu na chumvi, nasi duka letu madirisha yako wazi mchana kutwa, basi nimejifunza kuliangalia na hilo. Akahakikisha pia Windows yangu ni ya biti 64, kwa kuwa ya biti 32 ingeishia kwenye GB 4 hata ningeweka ngapi.

Niliuliza kama 8 na 4 pamoja haitaleta ugomvi. Jibu lake, ambalo matumizi yamelithibitisha, ni kwamba Intel huzioanisha GB 4 za huku na GB 4 za kule zikafanya kazi sambamba, nne zinazobaki zikaenda peke yake. Mbili za 8 zingekuwa bora, na 16 ndiyo mwisho wa mashine hii, lakini kwa kazi yangu sikuona sababu ya kuongeza gharama. Usiku nilipakia MemTest86+, programu ya bure ya kukagua ramu, kwenye flashi, nikaiacha ikague hadi asubuhi. Haikutoa kosa hata moja.

Leo nina wiki ya sita. Kurasa kumi za mtandao, Word, skana, vyote wazi, na kumbukumbu inacheza asilimia 45 hadi 50. Hakuna fomu iliyokatika. Kitu ambacho hakikubadilika ni kuwaka: asubuhi bado inachukua muda mrefu vilevile, kwa sababu hilo linatokana na diski kuu ya zamani, na dawa yake ni SSD, diski ya kisasa isiyozunguka. Anayekwambia ramu itafanya laptopu iwake haraka, mwombe akuonyeshe kwanza.

Huduma ya fundi huyu naipa alama zote. Hata ile ramu iliyonikosesha usingizi aliinunua kwangu kwa 15,000, akaiweka kwenye laptopu ya mteja mwingine ya Core i5 kizazi cha 3, ikawaka mara moja nikiwa nimesimama pale.

Mfunikoni mwa yangu, kwa ndani, nimebandika karatasi: DDR3L, volti 1.35, PC3L-12800S, matundu 2, mwisho GB 16. Msichana ninayefanya naye kazi nimemwonyesha ilipo.